Penseli ya Anastase

Jumatatu ile nusu ya Uvira ilikuwa imejazana mbele ya kibanda cha fotokopi cha Michée, karibu na soko la Mulongwe. Shule moja ya wauguzi ilikuwa imetangaza kuandikisha, na kila mtu alitaka nakala tatu za diploma yake papo hapo, kabla ya mwenzake. Jenereta ilinguruma nje, wino ulinuka, mama mmoja alimkanyaga mwingine na hakuomba radhi. Michée, shati limemganda mgongoni, alipokea karatasi bila kutazama nyuso, mpaka mkono mmoja ulipompa diploma na kisha kunyoosha kidole ukutani.

"Na hii muzee ni nani?"

Ukutani Michée alikuwa amebandika ukurasa wa Musumari, ule wa mwezi uliopita.

"Ni Musumari."

"Apana. Huyu ni babu ya Musumari."

Michée aliinua macho. Alikuwa msichana mrefu, gauni la kitenge la manjano lenye ndege wa kijani, nywele zimesukwa mistari myembamba ya kurudi nyuma, na uso wa mtu aliyekuja kugombana kwa raha zake. Jina lilikuwa kwenye diploma: Generose.

Kwa asiyemjua, Musumari ni fundi chuma ambaye mkono wake wa kulia uligeuka chuma, na vitabu vyake vya picha vimesomwa pande hizi kwa miaka arobaini. Wapenzi wake wanavigawa katika enzi tatu. Enzi ya wino ni vijitabu vya mwanzo, vyeusi na vyeupe, karatasi nyepesi, Musumari akilinda soko na mto. Enzi ya rangi walikuja wachoraji wengine, wakampa joho jekundu na maadui wa kutoka kwenye nyota. Enzi ya simu ndiyo hii ya sasa: inafika ukurasa kwa ukurasa kwa WhatsApp, Musumari amezeeka, magoti yanamuuma, mkono unashika kutu. Watu wazima na akili zao wamewahi kununiana wiki nzima kwa ajili ya enzi hizi.

"Weye uko wa enzi gani?" Michée aliuliza, mashine ikimeza diploma.

"Wino. Kwani kuko ingine?"

Michée alikuwa na jibu tayari. "Musumari wa wino anafikiri mbele ya kupiga," alisema. "Wa rangi anapiga, kisha anatafuta sababu."

Generose alimkazia macho. Nyuma yake foleni ilipaza sauti, "Dada, mapenzi kesho, leo fotokopi!" Hakugeuka.

"Nani alikuambia vile?"

"Kichwa yangu tu."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lilikuwa dogo kiasi kwamba hakulisikia likipita. Maneno yale hayakuwa yake. Watu waliporudi kutoka Burundi walikokimbilia wakati wa vita, Michée alimkuta mama mmoja wa soko la Maendeleo akifungia mandazi kwa kurasa za Musumari wa wino. Alinunua vyote vilivyobaki, vijitabu ishirini na tatu, majalada yamekwisha kung'olewa. Pembeni mwa kila ukurasa mtu asiye na jina alikuwa ameandika kwa penseli, mwandiko mdogo uliosimama wima. Hapa amechoka. Hapa mchoraji alikuwa na njaa. Hapa Musumari angenyamaza, ningempenda zaidi. Michée alivisoma hata maneno yakahamia mdomoni mwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa msemaji. Mbele ya msichana mzuri alikuwa akihesabu vidole vyake.

Jioni ile simu ya Michée iliita; namba yake ilikuwa imeandikwa mlangoni mwa kibanda.

"Allo, fundi wa fotokopi."

"Allo, dokta."

"Bado si dokta. Nimefikiri ile neno yako siku muzima. Niambie ingine."

"Bule tu? Utalipa."

"Na nini?"

"Kesho saa kumi, ku ziwa, tukule ndagala ya kukaanga."

"Ee Mungu! Nilikuja tafuta fotokopi, napata muchumba."

"Minye sikusema muchumba."

"Weye haukusema. Minye njo nimesema."

Basi wakaanza. Walikula ndagala, dagaa wadogo wa ziwa, mchangani huku milima ya Burundi ikionekana ng'ambo kama mtu aliyejifunika shuka, wakabishana enzi kwa enzi, na kila Generose aliposhambulia, Michée alichomoa neno la penseli akalitupa. Msichana alicheka mpaka akashika mbavu. "Cheri, weye unasema vizuri mupaka naogopa," alimwambia siku moja. Michée alirudi nyumbani akijiona mrefu kuliko mlango wake.

Ilikuwa mwezi wa pili wa mapenzi yao ndipo Michée alipoambiwa. Walikuwa palepale mchangani, Generose amevaa fulana nyeupe na kitenge kimefungwa kiunoni, akichora mistari kwa kijiti.

"Unajua juu ya nini nilikupenda siku ya kwanza? Unasema sawa na yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Anastase. Alikuwa mwalimu kule Kimanga. Tulikimbia wote, akakamatwa na kipindupindu kule ng'ambo, ndani ya kambi. Siku tatu tu. Tukarudi, tukakuta mulango imevunjwa, nyumba imebebwa yote. Kitanda, nilielewa. Sufuria, nilielewa. Lakini Musumari wake? Nani anaiba vitabu, Michée? Alikuwa anaandika ndani na kreyo, na penseli, pembeni-pembeni. Sina hata karatasi moja yenye mukono wake."

 Vijitabu ishirini na tatu vilikuwa ndani ya kabati la kibanda cha Michée, hatua mia nne kutoka pale walipoketi. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ilikuwa rahisi: viko kwangu. Akafungua mdomo. Akaona namna Generose anavyomtazama, na akapiga hesabu ya haraka ya mwoga. Akivitoa, atamwambia nini kesho? Bila penseli ile, yeye ni nani?

"Pole, cheri," akasema. Akamshika mkono. Naye Generose akaegemea bega lake akalia kwa shukrani, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Michée ilikuwa na urefu wa miezi minne. Alivivalisha vijitabu karatasi ya kaki, akavisukuma nyuma ya maboksi, akafunga kwa ufunguo. Alipunguza kuyatumia maneno yale, kisha akayarudia, kwa sababu kila aliponyamaza Generose alimuuliza kama anaumwa. Mwishowe hakujua tena lipi lake na lipi la marehemu. Huku nyuma mambo yalikwenda mbele: mama yake Generose alimkubali kwa simu, ikapangwa siku ya Michée kwenda kujionyesha kwa wazazi, Jumamosi ya tatu ya mwezi. Alishona suruali mpya. Usingizi ukapungua.

Jumapili mbili kabla ya siku hiyo, wapenzi wa Musumari walikutana barazani mwa kibanda kama desturi yao. Damien, dereva wa pikipiki, alikuwa akitetea enzi ya rangi kwa sauti ya mnada, miwani ya jua kichwani. Fanny, rafiki yake Generose, alimzomea. Generose aliketi katikati, gauni la bluu lenye kola nyeupe, akimtazama Michée kwa fahari, akingoja amalize mchezo.

"Enzi ya rangi," Michée akasema, "ni keki ya Claudette. Sukari juu, ndani unga mubichi."

Baraza lote lilipasuka kwa kicheko. Hata Damien alipiga makofi. Michée naye alicheka, mpaka alipoona kwamba mtu mmoja hacheki.

"Claudette gani?" Generose aliuliza.

"Ee... Claudette. Muntu tu. Ni namna ya kusema."

"Claudette ni tantine yangu, shangazi yangu." Alizungumza polepole, kama anayepima dawa. "Alipika keki siku ya komunyo ya Anastase. Ilikuwa mubichi ndani. Tulikula tukanyamaza juu ya heshima. Tuko batu bane tu banajua ile keki, Michée, na mumoja iko ndani ya udongo wa Burundi. Weye ulikuwa wapi siku ile?"

 Michée alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza hakuupata. Aliingia ndani, akafungua kabati, akatoka na vijitabu vyote mikononi, vimevaa kaki vyema kama vya mwanafunzi bora.

Generose alifungua cha juu. Aliuona mwandiko. Alipitisha kidole juu yake kidogo sana, asije akaufuta.

"Uliviiba?"

"Apana! Nilinunua sokoni. Walikuwa wanafungia mandazi. Sikujua ni ya nani, nakuapia."

"Na ulijua siku gani?"

Angeweza kusema jana. "Siku ile ku ziwa," alisema. "Uliponiambia."

"Miezi ine." Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti ilibaki palepale. "Nililia ku bega yako, Michée. Ukanishika mukono. Nilisema Mungu amenirudishia kidogo ya yaya yangu. Kumbe nilikuwa napenda batu babili, na mumoja amekufa. Sasa nitakulilia weye, ao nitamulilia yeye mara ya pili?"

Alivua kitambaa cha kichwa, akavifunga vijitabu ndani yake, akaondoka akivibeba kifuani. Fanny alimfuata. Damien aliwasha pikipiki bila kuaga.

Siku kumi na mbili Michée alipiga simu, na siku kumi na mbili iliita mpaka ikachoka. Aliandika ujumbe, akausoma, akagundua kwamba maneno mazuri yote ndani yake ni ya Anastase, akaufuta. Jumamosi ya kujionyesha ilipita suruali ikiwa inaning'inia msumarini. Alipiga fotokopi za watu zikatoka zimepinda. Hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.

Jumatatu alikuja mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, akaegemea meza bila karatasi yoyote mkononi.

"Weye njo Michée? Minye njo Claudette wa keki."

Michée alitamani mashine immeze.

"Moto ya fuu, ile ya kuoka, ilizimika katikati ya kupika," alisema. "Na nilijua iko mubichi. Nilingoja hata muntu mumoja aniambie. Miaka makumi mbili, kimya. Nimesoma sasa ndani ya kitabu ya mutoto wangu Anastase, nimecheka, kisha nimelia." Alijifuta jasho. "Sikia. Generose hataki hata chakula. Anasoma vile vitabu asubuhi na magaribi. Nilimuuliza unatafuta nini, akasema anatafuta Michée iko wapi ndani ya ile maneno. Hakukuti. Uende, muonyeshe. Kama hakuna kitu, aone hakuna kitu, apumuzike."

Alasiri ile Michée alifunga kibanda mapema, akapanda kwa miguu mpaka kwa kina Generose, Kimanga. Alivaa shati la kazini, lenye doa la wino mfukoni. Ile suruali mpya aliiacha.

Generose alikuwa uani kwenye benchi, chini ya kamba ya nguo, amekonda. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alichukua simu yake, akafungua, akamnyooshea.

"Hii ni Musumari ya juzi. Anastase hakuisoma. Hakuna kreyo ndani yake. Isome, kisha sema."

Michée alisoma akiwa amesimama. Ulikuwa ukurasa mmoja. Musumari mzee anarudi kwake, kutu imefunga vidole, hawezi kushika komeo. Anasimama mbele ya mlango wake mwenyewe mpaka jua linazama. Mwishowe anamwita binti wa jirani, aliyekuwa akicheza karibu, amfungulie.

"Sema," Generose alirudia.

"Minye..." Akaurudia ukurasa kwa macho. "Ni muzuri. Minye napenda hii. Napenda enzi ya simu."

"Unapenda nini?"

"Simu. Tangu mwanzo. Njo maana niliibandika ku ukuta. Siku uliiita babu, nilipata haya."

"Miezi yote uliniambia wino!"

"Nilisema ya yaya yako. Minye, wino inaniogopesha kidogo. Kila kitu anaweza. Mulango ikifungwa, anaivunja. Huyu hawezi. Anasimama tu, anaona haya kuita mutoto. Minye najua ile haya. Sijui kuisema vizuri." Alirudisha simu. "Nilikuwa na sentensi moja ya kukuambia ku ziwa, nikasimama mbele yake miezi ine. Nisamehe, Generose. Kama hauwezi, nitaelewa."

Generose alitazama chini. Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake.

"Umesema vibaya," alisema mwishowe. "Haina hata mupango. Anastase angekucheka mupaka kesho."

"Najua."

"Na umekosea kabisa. Simu ni mubaya. Wanachora mikono kama mihogo."

"Mikono, ndiyo. Mikono ni mubaya."

Kitu kilitikisika pembeni mwa mdomo wake, kikatulia. "Mama yangu na tantine banangoja mwanaume mwenye maneno. Huyo hakuna. Usinifanyie haraka ya Jumamosi tena. Nitakuambia minye mwenyewe, kama siku itafika."

"Nitangoja."

"Vile vitabu vinabaki huku."

"Ni vyako."

Akauangalia tena ukurasa ule kwa muda mrefu, akaukuza kwa vidole viwili mpaka uso wa mzee ukajaa kioo. "Lakini niambie. Juu ya nini hakumuita ule mutoto mapema? Alimuona tangu muchana, anacheza palepale."

Michée alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, kila pembe ya kichwa chake, na hakukuwa na mtu mwingine mle ndani.

"Sijui," akasema.

Generose aliinua uso akamtazama kama anayemwona mtu anashuka kwenye gari la safari ndefu na hana hakika kama ndiye. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa," alisema. "Turudie kusoma."