Maua Juu ya Neva

Mkokoteni wa ndizi hauna adabu. Ulimgonga Firdaus kiwiko katikati ya soko la Kisii, shoti ikamwenda hadi kidole cha mwisho, simu ikaruka na kutua kwenye maganda. Kijana wa shati la samawati aliiwahi kabla boda boda haijaikanyaga. Kioo kilipasuka, lakini ndani yake, kwenye video, mama mmoja wa makamo aliendelea kufundisha, mkono wake umejaa mistari ya chaki.

“Usiukariri mkono,” alisema. “Uguse!”

“Sista, pole. Huyu ni nani wako?”

“Mwalimu Orpah, wa anatomia. Hatujawahi kuonana.”

“Mimi Dahir, fundi wa simu Nyamira. Huyu mwalimu hafii mikononi mwangu!”

Simu ikapona, mapenzi yakaanza. Kila jioni walipigiana, wakatazama somo moja kila mtu kwake.

“Daktari wangu, leo tunasoma mfupa gani?”

“Wa kichwa chako. Tuone kama kuna kitu ndani.”

Firdaus alikuwa ameanguka anatomia katika chuo cha utabibu. Baba yake, Mzee Uzair wa duka la vitambaa, alitoa kauli: akianguka tena, chuo basi, na posa ya mfanyabiashara wa Eldoret itakubaliwa.

“Wengine hawakuumbiwa vitabu,” alisema.

“Baba, hilo Aliyeniumba hajaniambia.”

Chuoni walisomewa slaidi huku mhadhiri akipiga miayo. Mwalimu Orpah alijichora mwenyewe, akakosea, akajicheka, na akasema waziwazi kwamba naye aliwahi kuanguka mtihani huohuo. Firdaus alimpenda kwa neno hilo moja kuliko kwa masomo yote.

Akamuiga. Ila nyumbani hapakuwa na chaki, palikuwa na hina. Ijumaa alijichora neva tatu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na jina la kila moja. Ilipokauka ndipo akili ikamjia: mtihani ni Jumatatu, na hina haitoki kwa sabuni! Akionekana na majibu mkononi, atafukuzwa. Mama yake alicheka akashika mbavu, kisha akayazika majina yote chini ya maua, mistari ikawa vikonyo. Mkono mmoja peke yake ungeshangaza watu, wakaupamba na wa pili.

Jumamosi Firdaus alikuwa akiuza dukani kwa baba yake, Dahir akamletea visikizi vipya. Akaona maua hadi viwikoni. Nani asiyejua ni mwanamke gani huchorwa hivyo?

“Hongera, bibi harusi,” alisema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Firdaus akapiga simu, ikalia hadi ikakatika. Akapiga tena, ikazimwa. Iliuma vibaya.

“Nikilia, nitalia baada ya mtihani,” alimwambia mama yake.

Chumba cha mtihani aliingia na mikono ya baibui imeshushwa hadi vidoleni, na hakuikunja hata mara moja. Swali la neva lilipokuja, aligusa kiwiko juu ya kitambaa, akakumbuka shoti ya mkokoteni, akaandika.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Nyamira. Kibanda cha Dahir kilijaa wateja. Akakunja baibui, akaweka mkono juu ya meza.

“Si umeshaolewa, unataka nini?” Dahir aliuliza bila kuinua macho.

“Na nani? Soma hapa, fundi!”

Bila kumgusa, Dahir alifuata kikonyo kimoja kwa ncha ya bisibisi, nyuma ya kiwiko hadi kidole cha mwisho.

“Hii si… neva ya ulna?”

“Endelea.”

“Wewe! Ulijichora somo?”

“Na wewe ukaniozesha bila mahari, bila hata kuuliza!”

Wateja waliangua kicheko. Dahir aliona aibu mpaka bisibisi ikamponyoka.

“Nisamehe, roho yangu. Niliogopa kuuliza.”

“Siku nyingine uogope kutoniuliza.”

Matokeo yalipotoka, Firdaus alikuwa amepita. Mzee Uzair aliyasoma mara mbili, akapiga simu Eldoret kuikataa posa. Chini ya video ya somo la mkono, Firdaus aliandika: “Mwalimu, hatujaonana, lakini mkono wangu unakujua. Asante.”

Jibu likaja: “Hongera, binti. Sasa mguu.”

Jioni hiyo Dahir akapiga.

“Daktari wangu, nilete wazee kwenu?”

“Walete. Ila nitaolewa nikimaliza chuo, na hina nitajichora mwenyewe, mpaka magotini.”

“Na chini ya maua?”

“Neva, mpenzi. Zote.”