Mluzi wa Bonde la Mafunjo

Ndege alijibu kabla Fideli hajamaliza mluzi.

Hilo halikumtisha. Lilimuudhi kidogo tu, kama mtu aliyekatizwa maneno. Alikuwa amechuchumaa kando ya mafunjo, kamera mkononi, akimtafuta ndege mweusi mwenye kifua chekundu ambaye huishi humo na hajionyeshi ovyo. Dume hupiga mluzi, jike hupokea. Ukiweza kumwiga dume, jike hutokeza kichwa. Fideli alikuwa mwalimu wa baiolojia Biharamulo, na mluzi huo aliuweza.

"Kajibu wapi?" alinong'ona.

"Nyuma yangu," alisema mkewe, Consolatha. "Lakini nyuma yangu ni shamba la mihogo, mwalimu."

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Consolatha alikuwa muuguzi katika kambi ya wakimbizi Ngara, na kwa miezi mingi alikuwa akiwafumba macho wafu asiowajua hata majina. Alikuwa ameacha kucheka. Fideli akamwombea ruhusa ya Jumamosi na Jumapili, akampakia kwenye pikipiki mpaka huku upande wa mto Ruvubu, kwa shangazi yake Felisita, wapige picha za ndege. Alitaka kile kicheko kirudi, kingine hakukitaka.

Na asubuhi hiyo kilirudi. Korongo wawili wenye taji walirukaruka mbele ya kamera, mbawa wazi, na Consolatha akasema, "Huyo wa kushoto anajidai kama wewe siku ya harusi," akacheka hadi akashika mbavu.

Fideli akapiga mluzi tena, mrefu zaidi. Ukajibiwa papo hapo, na pamoja nao ikaja harufu ya matope ya chini kabisa, yale yasiyoonja jua. Consolatha akageuka polepole, kama aliyeguswa bega.

Nyumbani, Felisita alikuwa uani akipukuchua maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani alikuwa anapiga mluzi bondeni?"

"Mimi. Nilikuwa namwita ndege."

Felisita akaweka ungo chini. "Wale wakimbizi wa Burundi walivuka bonde hilo gizani, Fideli. Mafunjo yaliwazidi kimo, hawakuonana. Wa mbele anapiga mluzi, wa nyuma anaufuata. Wengi walizama wakiufuata. Tangu hapo hata mchunga ng'ombe hapigi mluzi pale. Wewe umewaambia njia ni hii."

"Shangazi, alikuwa ndege."

"Basi ndege wako kaingia ndani na mkeo. Msikilize."

Chumbani, Consolatha, ambaye maisha yake yote hakujua kupiga mluzi, alikuwa ameketi kitandani akipiga mluzi. Hakuwa amekanyaga maji siku ile, lakini nyayo zake sakafuni zilikuwa zimelowa maji.

Kufikia Jumapili mchana alikuwa haongei. Katekista alikuja akasali, akaondoka akitikisa kichwa. Ndipo Felisita akamwita Nkeshimana, mama mganga wa Kirundi aliyeishi kijijini tangu wakimbizi wa kwanza waje. Alimnusa mgonjwa nywele, akamgusa vidole vya miguu.

"Huyu aliyemwingia hakuliliwa," alisema. "Haondoki mpaka aitwe kwa jina lake na mtu wake, aambiwe amefika. Niletee mtu wake."

Fideli akaenda kambini, akauliza kwenye foleni ya maji nani alipotelewa na mtu katika mafunjo yale. Alitegemea mmoja, labda wawili. Foleni nzima ilitua ndoo.

Walifika kesho yake kwa miguu, wakajaa uani hadi kwenye migomba, na Consolatha akatolewa nje, akaketishwa mbele yao. Wa kwanza kuita alikuwa mzee Bigirimana.

"Nyandwi!" Kimya. "Nyandwi, mwanangu!" Kimya. Akaita tena, kwa sauti iliyokwaruza.

"Naam, baba," Consolatha akaitika, kwa sauti ya mvulana.

"Umefika," Nkeshimana akasema. "Pumzika." Consolatha akashusha pumzi ndefu, na Fideli akapiga magoti, akaanza kumshukuru Mungu.

"Josiane!" akaita mama mmoja kutoka nyuma, bila kungoja.

"Abee, mama."

Ndipo wote wakaita, mmoja juu ya mwingine, majina ya waume na ya wajukuu na ya vichanga waliokuwa hawajabatizwa, na kinywa kile kimoja kikawa kinawaitikia wote, sasa kwa kikohozi cha mzee, sasa kwa kilio cha mtoto, sasa kwa msichana aliyeuliza kama bado ni mbali, huku maji yakimtiririka kwenye pindo la kanga yakiingia katika vumbi la ua, na harufu ya matope ikazidi moshi wa kuni na jasho la watu wote wale.

Nkeshimana alikuwa anafunga kibuyu chake.

"Mama, usiondoke," Fideli akasihi.

"Dawa yangu ni ya mgeni mmoja, mwanangu."

"Basi wafukuze hawa waliomwingia!"

Mama yake Josiane akamshika mkono. "Usimtoe, mwalimu. Nakuomba. Ngoja kwanza niongee na mtoto wangu."

Fideli akajinasua, akapenya hadi kwa mkewe, akamshika mashavu. Yalikuwa baridi. "Consolatha!" akaita. "Consolatha!"

Ua wote ukanyamaza. Walimpa nafasi yake kwa heshima, kama walivyopeana wao kwa wao, wakangoja pamoja naye. Midomo ya Consolatha haikutikisika.

Mzee Bigirimana akamwekea mkono begani.

"Ita tena, baba," alisema kwa upole. "Hata wangu alichelewa kuitika."