Mwisho wa Narcisse

Jumamosi ile ya mwaka 2009 soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka lilifurika watu. Ketsia alikuwa ametoka Mchesi, Lilongwe, kuuza blauzi alizozishona mwenyewe. Nzuri kuliko zote, ya kitenge cha manjano, alikuwa ameivaa. Sauti ndiyo iliyomsimamisha mbele ya banda la video, akaingia. Ndani, kijana mwenye maiki, Narcisse, aliwafasiria watu kwa Kiswahili filamu ya zamani ya vita, isiyo na rangi. Askari akaanguka darajani.

"Ameteleza tu!" sauti ikasema. "Kesho anapanda gari, anaenda kwa mchumba wake!"

Watu wakashangilia. Ketsia akamngoja mlangoni.

"We kaka, ule askari alikufa. Nilisoma kitabu cha hii filamu kule Bukavu."

"Sasa uliingia kufanya nini, mademazeli?" Narcisse akacheka, kisha akashusha sauti. "Hapa kila muntu iko na wake alikufa mu vita. Mi siwezi kuua mwingine."

Kwa neno hilo akampenda. Mwaka mzima, kila adhuhuri, cherehani ilinyamaza simu ilipolia.

"Mutima wangu, umekula nsima?"

"Nimekula, muongo wangu. Na dosye yako ya kuhamia Kanada?"

"Bado imelala, sheri."

Kumbe Narcisse alikwisha kubaliwa. Goreth, jirani yake wa kambini, ndiye aliyekuja Mchesi na habari: safari ni Alhamisi, na kijana anajua tangu miezi miwili. Siku nne simu ilitetemeka mezani, Ketsia akiifunika kwa vitambaa.

Jumatano ukaja ujumbe: "Leo saa nane, ile filamu." Akaapa haendi. Saa nane alikuwa bandani, amevaa manjano.

Askari akaanguka.

"Amekufa," Narcisse akasema. "Njo vile kitabu kinasema."

"We, leo umelewa?" watu wakapiga kelele. "Mufufue!"

Nje, Narcisse alishindwa kumtazama Ketsia. "Niliogopa kukuambia. Naenda kesho. Wewe hauko mu dosye yangu; sijui kama watakuita siku moja."

"Leo njo nimekuamini," Ketsia akasema.

Kifungo cha shati la Narcisse kilikuwa kinaning'inia. Ketsia akachomoa sindano yenye uzi ukosini mwa blauzi yake, akaanza kukishona palepale kifuani pake, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza.

"Sasa niambie ule mwisho wako," akasema. "Wa uongo."

"Ameteleza tu..." Narcisse akaanza. "Kesho anapanda gari..."

Ketsia akakata uzi kwa meno.

"Endelea."