Skrini Ilisema Niko Wang'uru

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina mtoto mmoja wa kike, Ciku, na kazi niliyosomea ni urubani. Ndiyo, urubani! Mwanamke kutoka Kiganjo, binti wa polisi, anayerusha ndege. Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu miaka mingi nikiwa jikoni kwangu hapa Nyeri. Wengine niliwalilia. Wengine, Mungu anisamehe, niliwacheka na kujiuliza, huyu naye alikuwa kipofu? Leo nimefika mahali penu...

Niliajiriwa na kampuni ndogo yenye ndege tatu. Tulibeba watalii, na mara kwa mara wagonjwa kutoka kule Laikipia ambako barabara ni mbaya na hospitali ziko mbali. Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa upande wa juu wa Kiganjo, ukanda wa udongo mwekundu wa murram tu na kibanda cha mabati, katikati ya mashamba ya viazi.

Mume wangu nitamwita Mureithi. Alikuwa akinunua mchele Wang'uru, kule Mwea, na kuuza kwa maduka ya Nyeri na Nanyuki. Mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, hanywi hata bia. Nilimpenda jamani! Gari la jirani lilipoibwa, mimi ndiye niliyesisitiza tuweke traka kwenye Probox yetu, kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi. Nikawa naangalia kwenye simu. Kidoti cha bluu Wang'uru... baba Ciku yuko kazini. Nikaridhika. Ni mke gani asingeridhika?

Mara ya kwanza ilikuwa Februari, jua kali, hakuna wingu hata moja. Nilikuwa narudi peke yangu kutoka Nanyuki, nimeanza kushuka nitue. Mara ramani kwenye skrini ya ndege ikaruka. Ikaniambia niko juu ya Wang'uru!

Nilicheka. Kilima cha Nyeri nilikuwa nakiona mbele yangu kwa macho yangu mawili, na mashamba ya mpunga ya Mwea yako mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Nikatua kwa macho, nikaandika ripoti.

Fundi alikifungua kile kifaa cha ramani, akakipima, akasema ni kizima. Bosi akaniita ofisini. Akaniuliza kama nalala vizuri. Akaniuliza kama kuna shida nyumbani. Halafu akatabasamu vile wanaume hutabasamu, akasema, "Kapteni, ndege haina shida. Labda wewe ndiye unahitaji likizo."

Niliumia! Rubani mwanamume akiripoti hitilafu, ndege inafunguliwa. Mimi nikiripoti, nafunguliwa mimi!

Mara ya pili ilikuwa Mei. Mahali ni palepale, karibu na kutua. Skrini ikaruka, ikasema Wang'uru. Hata saa yake ikaenda kombo. Hapo sikucheka. Jioni tukiwa mezani nikamweleza mume wangu kila kitu.

Mureithi aliacha kutafuna.

"Ati inasema uko wapi?"

"Wang'uru, baba Ciku. Wang'uru kila mara!"

Alisukuma sahani kando. Kisha akanishika mkono, akanena kwa ile sauti yake ya kwaya. "Mama Ciku, hiyo ripoti usiandike. Ile ya kwanza walisema umechoka. Hii ya pili watasema uko na wazimu. Watachukua leseni yako. Wacha hiyo maneno iishe yenyewe."

Nami nikawacha...

Someni tena hapo, tafadhali. Nikawacha. Mimi, niliyefunzwa kwamba hitilafu inayojirudia huandikwa hata ukichekwa, niliikunja ile karatasi ya ripoti, bado sijaijaza, nikaitia kwenye moto wa jiko. Niliogopa kuitwa mwendawazimu. Na nilifurahi, mjinga mimi, kuwa na mume anayejali kazi yangu hivyo.

Ikaja Julai, na baridi yake ya mlimani. Asubuhi moja tukaitwa Doldol, kule Laikipia. Mama mmoja mjamzito, jina lake Naserian, alikuwa ameanza kutokwa na damu na uchungu haujafika. Nilikwenda na muuguzi wetu, Sista Akinyi, mama mchangamfu aliyetoka Siaya akaolewa na mwalimu wa huku kwetu. Kule Doldol jua lilikuwa linawaka. Tulimpakia mgonjwa tukaondoka.

Tulipopita Naro Moru, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu kama blanketi. Haikunishtua. Nilikuwa nimetua kwenye ukungu mara nyingi kwa kufuata skrini. Nyuma nilimsikia Sista akimwambia mgonjwa, "Vumilia mama, tunafika." Halafu akanipigia kelele mimi, "Kapteni, damu inazidi! Harakisha!"

Nikaanza kushuka.

Na skrini ikaruka. Wang'uru!

Jamani, mtanielewa? Nilijua inadanganya. Lakini kujua uongo si kujua ukweli! Nje ni weupe mtupu. Kile kipokezi cha zamani cha kufuata mnara wa redio kilikuwa kimeng'olewa kwenye ndege yetu. Bosi alisema ni uzito wa bure, siku hizi kuna setilaiti. Nilibaki na dira, saa, na kipimo cha urefu.

Nilipaswa kupanda. Kila rubani anayesoma hapa ananiambia hivyo, na ni kweli. Ningepanda juu ya ukungu nikaelekea Nanyuki au Nairobi. Lakini mtu alikuwa akivuja damu nyuma ya kiti changu! Nikahesabu dakika kwa saa, nikageuka kwa dira, nikashuka kidogo. Nikajiambia, kuna king'ora. Nikiukaribia mteremko, king'ora cha ndege kitanipigia kelele.

Hakikulia. Kingelia vipi? Kwa akili ya mashine tulikuwa juu ya mashamba ya mpunga kule Mwea, tambarare ya chini kabisa! Haikujua kwamba chini yetu kulikuwa na mteremko wa Nyeri wenye misonobari.

Niliona vilele vya miti, vyeusi, vikija. Nikavuta. Bawa la kushoto likagonga. Sijui nilifanya nini baada ya hapo, mikono ilifanya yenyewe. Tuliangukia shamba la viazi tukaburuzika mpaka kwenye ua wa mtu.

Nilivunjika mbavu. Sista Akinyi aliumia uti wa mgongo, na mpaka leo anatembelea kiti cha magurudumu. Naserian aliokolewa. Mtoto wake, mvulana, alizaliwa siku ile ile hospitalini akiwa tayari amekufa...

Niliandika sentensi hiyo nikaondoka mezani. Nimerudi. Wacha niendelee.

Mume wangu alifika hospitalini haraka ajabu. Asubuhi aliniaga akaniambia anaenda Wang'uru, na bado alinikuta sijatolewa kwenye machela. Nilisema moyoni, huyu mwanamume amekimbiza gari kweli! Alinilowesha bega kwa machozi. Nikamfariji mimi!

Wachunguzi walikuja, wakabeba vyombo vya ndege, wakavipima. Vizima vyote. Nikawaeleza habari ya Wang'uru. Mkubwa wao, mzee mmoja mtaratibu, akaniuliza kama kuna ripoti. Nikasema ipo moja, ya Februari. Akauliza ya Mei iko wapi. Ningesema nini? Nilijibu kwamba sikuiandika. Akaweka kalamu chini. Bosi wangu, aliyekuwa ameketi pembeni, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilisimamishwa kazi. Sokoni watu walininyooshea kidole. Kanisani mama mmoja alisema kwa sauti kwamba kuna kazi Mungu hakuwapangia wanawake. Nilikuwa napiga simu ofisini kila wiki, naambiwa nisubiri. Nisubiri nini? Nilikuwa nasema kitu kilekile, kwa watu walewale, na kila mmoja alikuwa ameshaamua!

Septemba niliitwa kiwanjani nichukue vitu vyangu. Saa nne asubuhi, nikashukia barabarani nikatembea kwa mguu nikipita nyuma ya mashamba. Na hapo, ndani ya ua wa nyumba moja yenye geti la bluu, karibu kabisa na mwisho wa uwanja, niliona Probox yetu.

Nilisoma namba yake mara tatu. Nikatoa simu. Kidoti cha bluu kilikuwa Wang'uru.

Niliingia uani nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

Wasomaji, kuna mke angefikiria mwanamke mwingine kwanza. Mimi nilifikiria ndege! Gari liko hapa, linasema liko Wang'uru. Ndege yangu ilikuwa hapa, juu ya paa hili hili, ikasema iko Wang'uru. Nikashika ukuta.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke kijana akatoka na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mwalimu, nilikuja kujua, ametoka upande wa Meru. Akanisalimia kwa heshima, akaniuliza kama namtafuta baba Mwenda, yaani baba wa huyo mtoto.

"Huyu mwenye gari ni mume wangu," nikamwambia.

Alinitazama kama ameona mzimu. "Lakini aliniambia mke wake alikufa," akasema polepole. "Ati ndege yake ilianguka."

Ilikuwa imeanguka lini, nikamuuliza. Akasema alimwambia hivyo miaka miwili iliyopita.

Miaka miwili! Mureithi aliniua kwa mdomo wake kabla ya kukaribia kuniua kwa kweli!

Mureithi mwenyewe akatoka akifunga vifungo vya shati. Sikumpiga. Nilimuuliza swali moja tu, ni nini kimo ndani ya gari. Alikana, akaapa, kisha akaketi kwenye ngazi akaanza kulia. Kifaa kilikuwa chini ya kiti cha dereva, kisanduku cheusi chenye ncha mbili za antena. Alikinunua kwa mtu mtandaoni ili traka inidanganye mimi.

"Mama Ciku, hiyo kitu ni ndogo kama sabuni," akasema. "Inaweza kuangusha ndege aje?"

"Na Mei nilipokuambia skrini inasema Wang'uru?"

Akakitazama kile kisanduku, si mimi. Alijua! Alijua tangu ile jioni mezani, akanishika mkono, akaniambia nisiandike! Na bado alikiwasha Juni. Akakiwasha Julai.

Nilimpigia simu yule mchunguzi mzee hapohapo, nimesimama uani. Yule mwalimu, namshukuru, alifunga geti akakaa na ufunguo mpaka wachunguzi walipofika.

Mzee yule alinieleza baadaye. Sauti ya setilaiti ikifika huku chini ni hafifu mno, kama mtu anayenong'ona kutoka ng'ambo ya bonde. Kisanduku kama kile, kikiwa karibu, ni mtu anayepiga kelele sikioni akijifanya yeye ndiye setilaiti. Ndege husikiliza kelele iliyo karibu. Haioni hitilafu yoyote, ndiyo maana fundi hakuipata. Simu hudanganywa vilevile, na traka, na hata ndege kubwa za abiria huko duniani.

Mtadhani basi nilisafishwa jina. Nilirudishiwa leseni kwa barua isiyo na neno "pole". Bosi alishaajiri mwingine. Kesi ya Mureithi iko mahakamani, yuko nje kwa dhamana, kila mara inaahirishwa. Mama yake alikuja kwangu na wazee wa kanisa kuniambia mambo ya nyumba hayapelekwi polisi. Nikawauliza, na Sista Akinyi ni jambo la nyumba gani? Walikunywa chai yangu wakaenda.

Mwezi uliopita nilikwenda Doldol. Nilimkuta Naserian akikamua mbuzi. Nilimweleza yote, hata karatasi niliyoichoma jikoni, kwa sababu hiyo hakuna mahakama itakayoniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeandika hiyo ya pili," akaniuliza, "mtoto yangu angekuwa hapa?"

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kusema hata hivyo wangenicheka. Nikamwambia, "Labda angekuwa."

Aliinama akaendelea kukamua. Sikufukuzwa, wala sikukaribishwa. Nilikaa pale mpaka akamaliza, nikaondoka.

Wapendwa, wewe uliyenunua kisanduku cha kumficha bosi wako gari liko wapi, au mkeo, ama mumeo, najua unasoma hapa. Mko wengi. Unafikiri unamdanganya mtu mmoja. Hujui nani anapita juu ya kichwa chako akiwa na mgonjwa, hujui nani anatafuta njia kwenye ukungu. Kizime. Usingoje kesho.

Na wewe unayeona jambo haliko sawa kazini, wakakucheka mara ya kwanza, andika mara ya pili. Andika hata ukiogopa. Mtu wa nyumbani kwako akikushika mkono akakwambia kwa upole uwache, muulize kwa nini.

Mimi sikumuuliza.