Buti za Baba Nice

Jumapili ile Anande alirudi kutoka ibada ya kwanza, akafungua mlango wa nyumba yake pale mtaa wa Sakina, akakutana na harufu ya kiwi. Harufu mbichi, kama ya mtu aliyemaliza kupiga viatu brashi sasa hivi. Na nyumba hiyo haikuwa na mwanaume tangu mumewe Ebenezer auawe vitani Kongo, miezi saba iliyopita.

Akavuta tranka uvunguni. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Ndani, buti za marehemu zilikuwa zinang'aa, soli zimejaa udongo mwekundu. Udongo wa kwao ni mweusi, kuanzia mlimani hadi barabarani.

Buti hizo hazikutakiwa kuwepo. Siku ya kuanua matanga kule Nkoaranga, kijijini kwa wakwe zake, nguo za marehemu zilipogawiwa, buti zilitajwa kuwa za Abdiel, mdogo wake. Mzee wa ukoo akauliza mbele ya watu kama vyote vimeletwa. Anande akajibu vyote. Alidanganya kaburi likiwa bado bichi. Jeneza halikufunguliwa, uso wa mumewe hakuuona, akataka abaki na kitu kilichowahi kubeba uzito wake. Kisha akaongeza kosa juu ya kosa: kila Jumapili saa saba mchana, saa ambayo Ebenezer alizoea kupiga simu, aliziweka buti chini ya kiti chake mezani, akapakua sahani ya tatu. Sala ya chakula aliiacha. Kanisani alikwenda, ila alikuwa amemkasirikia Mungu na hakumwambia mtu.

"Mama, usizifungie," Nice, binti yake wa miaka sita, alisema mlangoni. "Baba bado anazivaa."

"Baba yupi?"

"Baba. Anakuja ukienda dukani. Kasema Jumapili ijayo tukishakula ananichukua. Kasema wewe una kazi nyingi."

Anande alimwambia yote jirani yake Rukaiya, mtu wa Pangani, wakiwa wanaanika nguo.

"Huyo si mumeo, shoga," Rukaiya alinong'ona. "Ni jini. Ameona kiti kimewekwa na mwenyewe hayupo, akakaa. Na wewe ukampakulia kabisa, na nyama juu."

"Nilimpakulia Ebenezer."

"Ebenezer ni maiti, Mungu amrehemu. Maiti hali ndizi. Mjomba wangu Shamsudin angekuja kusoma dua za kumtoa, ila yuko Kondoa, harudi mpaka Jumapili hiyo ipite. Mpeleke mtoto kwa bibi yake."

"Atamfuata huko. Mimi ndiye niliyemkaribisha, mimi nitamtoa."

"Usijitie ushujaa, wewe."

"Nimekuwa mke wa askari miaka tisa, Rukaiya. Nitaogopa nikishamaliza."

Jumapili saa saba ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Meru hadi madirishani. Anande aliziweka buti chini ya kiti kama kawaida, akapakua sahani tatu. Malori ya barabara ya Nairobi yakanyamaza yote kwa pamoja. Harufu ya kiwi ikajaa chumbani, na chini yake harufu nyingine, ya nyama iliyolala juani, na kiti cha Ebenezer kikalia kama kinachokaliwa na mtu mzito, na kamba za buti chini ya meza zikaanza kujifunga zenyewe, taratibu, tundu kwa tundu, mpaka fundo la mwisho likakazwa kwa nguvu kama Ebenezer alivyozoea kulikaza alfajiri ya kurudi kambini.

"Mama Nice." Ilikuwa sauti yake, hata ule mkwaruzo wa kikohozi. "Nimechoka kutembea peke yangu. Nipe mtoto anishike mkono."

Nice akaanza kushuka kitini. Anande akamdaka kiunoni.

"Nyumba hii hakuna anayekula kabla ya kuomba," alisema. "Ebenezer alituombea chakula hata kwenye simu. Salio likikata, anapiga tena amalizie amina. Omba."

"Nina njaa."

"Sijauliza njaa. Omba."

Kiti kikacheka. "Wewe mwenyewe huombi. Miezi saba nimekaa hapa nakutazama. Ndiyo maana nimenenepa."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Akafumba macho, mtoto kifuani.

"Bwana, nimekukasirikia, na hasira bado ninayo. Nilidanganya matangani. Ebenezer amekufa." Neno hilo hakuwahi kulitamka. "Amekufa, na kiti hiki hakina mtu. Bariki chakula hiki, na sisi wawili tunaokula. Amina."

Sahani ya tatu ikapasuka katikati. Buti zikapiga hatua nne kuelekea mlangoni, nzito, kisha zikaanguka ubavu. Nje lori likapiga honi.

Jioni ileile alizipeleka buti Nkoaranga, akasema mbele ya wazee kwamba alidanganya. Abdiel akazijaribu palepale.

"Zinanibana, shemeji."

"Zitalegea. Zitembeze shambani."

Sasa mezani viti ni viwili. Ila kila Jumapili, saa saba kamili, mlango hugongwa mara tatu, kwa upole, kama mtu mwenye adabu zake. Anande hainuki. Anaendelea kupakua, na Nice, mdomo umejaa ndizi, ndiye humjibu.

"Sisi tumeshaomba. Wewe je?"

Hapo mlango hunyamaza.