Unga wa Chini ya Chupa

Mama mkwe wangu huchuja kila kitu. Maji ya kunywa huchuja. Maziwa huchuja. Hata chai niliyokwisha kuichuja mimi, yeye huichuja tena, huku ananitazama kwa pembeni. Mimi nacheka tu. Nyumba yake inang'aa, na mwanangu anampenda kufa. Ningempata wapi mtu mwingine wa kunilelea mtoto wakati niko kwenye cherehani?

Mtoto mwenyewe tunamwita Kidoti. Ana kifafa. Zamani tulikuwa tunamkatia vidonge vya watu wazima kwa kisu. Kipande kimoja kikubwa, kingine makombo matupu. Leo mtoto anasinzia kutwa, kesho anaanguka. Roho yangu ilikuwa juu juu kila saa.

Daktari akatukataza. "Acheni kisu," alisema. "Nendeni famasi ya hospitali, mkatengenezewe dawa ya maji."

Mfamasia alikuwa dada mchangamfu mwenye koti jeupe. "Viwanda havituletei dawa hii kwa kipimo cha watoto," aliniambia. "Kwa hiyo tunaitengeneza hapa hapa, kulingana na uzito wa mtoto wako." Akanipa chupa ya kahawia na bomba dogo la plastiki la kupimia. "Tikisa kabla ya kumpa, dada. Tikisa sana!"

Nikamweleza mama mkwe yote. Kila asubuhi nilimwona anaitikisa chupa kwa mikono miwili, kama anagombana nayo. Nikawa naenda kazini bila wasiwasi.

Lakini Kidoti akaanguka tena. Akaanguka jikoni, karibu kabisa na jiko linalowaka. Bibi yake alimdaka, vinginevyo sijui tungesema nini leo. Nilimlaza ubavu kama daktari alivyonifundisha, nikangoja mwili utulie. Alipofumbua macho, nililia kwanza, halafu nikapandwa na hasira.

"Dawa gani hii?" nikasema. "Wametupa maji!"

Tukakimbia hospitali. Daktari akampima Kidoti, akaona hali imetulia, akatutuma kwa mfamasia pamoja na chupa yetu.

Niliibwaga mezani. Mimi ni fundi cherehani, nimeshagombana na maharusi siku ya harusi yenyewe. Simwogopi mtu kwa sababu ya koti jeupe.

Mfamasia hakukasirika. Akatikisa chupa, akamimina kidogo kwenye glasi. Akakunja uso.

"Hii siyo dawa niliyowapa."

"Ndiyo hiyo hiyo!"

"Niliyotengeneza mimi ilikuwa nyeupe kama maziwa. Hii naona vidole vyangu upande wa pili." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, hebu nieleze unavyompa mjukuu dawa. Anza mwanzo kabisa, usiruke kitu."

Mama akajiweka sawa kitini. "Kwanza naiacha chupa itulie. Maana dawa yenu, mwanangu, usinielewe vibaya, ina uchafu. Unga mweupe umejaa chini. Basi naichuja kwa kitambaa safi, nimekichemsha mwenyewe. Unga namwaga. Chupa naisuuza, dawa nairudisha. Halafu kila siku natikisa, kama mlivyosema."

Nikashika kichwa.

"Mama," mfamasia akasema taratibu, "ule unga ndiyo dawa."

"Weee!" Mama akashika kifua. "Sasa mjukuu wangu nimekuwa nikimpa nini?"

"Maji matamu."

Machozi yakamtoka. Hasira yangu yote ikayeyuka, nikamshika mkono. Mfamasia naye akaja upande wetu wa meza.

"Usilie, mama. Hata mimi nina makosa. Niliwaambia mtikise, sikuwaambia kwa nini. Njooni muone."

Akatupeleka kwenye dirisha la kioo. Ndani, mwenzake aliyevaa barakoa na glavu alikuwa anasaga vidonge kwenye kinu kidogo cheupe. Akaupima unga kwenye mizani, kisha akaongeza maji mazito kama sharubati, kidogo kidogo, huku anakoroga.

"Unga huu hauyeyuki," mfamasia akaeleza. "Unaelea tu. Chupa ikikaa, unashuka chini. Usipotikisa, siku za mwanzo mtoto anapata dawa kidogo mno. Chupa ikikaribia kuisha anapata nyingi mno, na hiyo ni hatari. Ukitikisa, kila dozi inakuwa sawa."

"Sasa si tungesaga nyumbani wenyewe?" nikauliza.

"Thubutu! Kuna vidonge havisagwi kabisa, dada. Na jikoni kwako mizani ya kupima punje ya chumvi unayo?"

Nikatikisa kichwa. Sina.

Tukatengenezewa chupa mpya. Safari hii mfamasia alimpa mama mkwe bomba mkononi. "Sasa wewe nifundishe mimi."

Mama akafuta macho. "Sichuji. Natikisa mpaka chini kusibaki unga. Napima papo hapo, kabla haujashuka. Nampa."

"Na tarehe ya kwenye lebo ikipita?"

"Nakurudishia, hata kama imebaki."

"Na ukiona kitu usichokielewa?"

"Nakupigia simu kabla sijagusa. Hata ukiwa unakula!"

Tukacheka wote watatu.

Tangu hapo Kidoti hajaanguka. Daktari anamfuatilia, na anafurahi. Sasa mtoto akisikia chupa inatikiswa, anakuja mbio, anasimama mbele ya bibi yake na kutikisa kichwa, mikono na kiuno.

Siku ya kwanza kumwona nilidondosha gauni la mteja. Mwili ule ukitikisika, mimi nilijua jambo moja tu. Nikaruka kumshika. Nikakuta anacheka, meno yote nje.

"Tikisa na wewe, mama!"

Nikatikisa. Kazini nilichelewa, na sikujali.