Figa la Chuma

Asubuhi ile figa moja la Sahro lilipasuka. Birika likaanguka, chai ikazima moto.

"Hooyo, jioni tutapikia nini?" aliuliza Leyla, binti yake.

"Kuna kile chuma cha mlangoni. Kifanye figa la tatu."

Chuma chenyewe Leyla alikiokota malishoni. Kilikuwa kizito, kimeota kutu, na kina mkia kama wa mshale. Tangu hapo kilikandamiza mkeka wa mlangoni, upepo usiupeperushe.

Sahro hakuwa na nafasi ya kutafuta jiwe. Alikuwa akimpeleka mama yake, bibi Hinda, mjini Buna, kwenye chumba kipya cha kumbukumbu ya vita. Baba yake Hinda, mzee Rage, alikufa Waingereza walipopigana na Waitaliano. Watu walisema jina lake liko ukutani.

Walipokewa na Guleid, askari mstaafu aliyetunza chumba hicho. "Karibu, eedo, shangazi yangu," alimwambia Hinda. Akaushika mkono wa Hinda, akauweka kwenye ukuta wa nje. "Hapa. Rage."

Hinda hakujua kusoma. Alipapasa herufi moja moja, kisha akacheka. "Baba alikuwa mfupi, wallahi! Leo wamemweka juu, mpaka nimfikie kwa vidole."

Sahro naye akacheka. Moyo wake ulikuwa mweupe. Wakaingia ndani kutazama vitu vya vita: kofia za chuma, vibuyu vya maji, na kitu kimoja chenye mkia.

"Aa! Hiki tunacho nyumbani," Sahro akasema. "Chetu hata ni kikubwa zaidi."

Guleid hakucheka. "Kiko wapi, walaal, dada yangu?"

"Mlangoni. Leo binti yangu atakifanya figa, apikie chai."

"Walaal, hili ni bomu. Hili hapa wanajeshi walilitoa baruti. Lenu nani alilitoa baruti?"

"Lakini kimeota kutu," Sahro akasema.

"Kutu haiui baruti," Guleid akasema. "Bomu hulala miaka hamsini, moto ukaliamsha. Twende polisi, sasa hivi."

Polisi waliwapakia wote garini. Njia nzima Sahro alisoma dua. Walipokaribia boma, aliona moshi.

"Leyla! Toka hapo!"

Leyla alisimama, kijiko mkononi. "Mbona kelele, hooyo? Chuma chako hakifai. Nilikijaribu kabla ya kuwasha moto, birika likalala upande kama ngamia mvivu. Nikakirudisha mlangoni, nikatafuta jiwe."

Sahro alimkumbatia, huku akimgombeza, huku akilia.

"Kwanza ondokeni," Guleid akasema. "Chuma kile ni bomu. Msiliguse. Msilisogeze. Watu na mbuzi wakae mbali."

Polisi wakazungushia nyumba matawi ya miiba, kama ya zizi, ili kila mpita njia aone na asipite. Familia ililala kwa jirani. Kesho yake wanajeshi wenye ujuzi walilichukua bomu, wakalilipua nyikani. Lilichimba shimo la kumlaza ndama wa ngamia. Sahro alilitazama shimo lile, akamtazama Leyla, akamvuta karibu.

Siku hizi mafiga yake yote ni mawe. Na juzi Leyla alirudi mbio kutoka malishoni, mikono mitupu.

"Hooyo, nimeona chuma kingine chenye mkia! Sikukigusa. Nimeweka miiba njiani, mbali nacho. Waite polisi."

Sahro alimtuma jirani mjini. Kisha akamimina chai. Kikombe cha kwanza nyumbani mwake ni cha mgeni au cha mzee. Siku hiyo alimpa Leyla.